Shungwaya na Mwambao: Chama cha Wabajuni na Suala la Ardhi katika Visiwa vya Lamu, 1960–1963

Utangulizi

Historia ya vyama vya siasa nchini Kenya hufundishwa kwa kawaida kana kwamba ni historia ya vyama viwili. Upande mmoja kuna KANU na upande wa pili KADU, vyote vilivyoundwa mwaka 1960, na baina yao mjadala kuhusu serikali kuu na serikali za majimbo. Vyama vingine vya miaka hiyo hutajwa katika tanbihi, iwapo vitatajwa kabisa. Miongoni mwa vilivyozama katika tanbihi ni Shungwaya Freedom Party, chama kidogo kilichopata wafuasi wake miongoni mwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kilichosimama pamoja na wale waliopinga Mwambao kuingizwa katika Kenya huru kama wilaya nyingine yoyote.

Makala haya yanakichunguza chama hicho kwa kuuliza swali moja. Je, madai ya mwanachama wa kawaida wa visiwani yalikuwa ni yale yale ya viongozi wa harakati ya Mwambao walioketi Mombasa? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba hayakuwa. Viongozi waliijenga hoja yao juu ya mkataba. Mwanachama wa Faza au Kizingitini alikuwa na kila sababu ya kuijenga yake juu ya shamba. Mkataba na shamba, kama itakavyobainika, havikuwa katika upande mmoja wa mpaka. Pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini makubaliano ya mwaka 1963 yaliwatuliza baadhi ya watu wa Pwani na kuwaacha Wabajuni mikono mitupu.

Mkataba ulioishia Kipini

Ili kuelewa hoja ya Mwambao, yafaa kurejea mwaka 1886. Katika mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar katika bara. Sultani aliachiwa ukanda wa maili kumi kutoka baharini, ambao kwa upande wa kaskazini uliishia Kipini, karibu na mlango wa mto Tana. Alitambuliwa pia kuwa mwenye visiwa, vikiwemo vya Lamu, na miji kadhaa ya pwani ya Banadiri. Mwezi Desemba 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini aliuweka ukanda huo wa kaskazini pamoja na visiwa vya Lamu chini ya utawala wa Waingereza kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka, mbali na riba ya deni. Mwaka 1920 sehemu ya bara ilipofanywa Koloni la Kenya, ukanda uliendelea kuitwa Himaya. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea, na maliwali, mamudiri na makadhi wakaendelea na kazi zao. Kisheria, kwa hiyo, mtu wa Lamu na mtu wa Nyeri hawakuwa raia wa namna moja.

Hii ndiyo iliyokuwa nguzo ya wanamwambao. Kama Uingereza ilikodi tu, walisema, basi mpangaji anapoondoka nyumba hurudi kwa mwenyewe; haipewi mpangaji mwingine. Ni hoja nyepesi kueleweka na ngumu kujibiwa, na wakili yeyote angeifurahia.

Lakini msomaji anayeijua ramani ya Lamu ataona jambo ambalo halikuzungumzwa sana. Kati ya Kipini na mpaka wa Somalia kuna ardhi ndefu ya bara inayotazamana na visiwa: Witu, Hindi, Mkokoni, Kiunga, Ishakani. Ardhi hiyo haikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi. Witu ilikuwa makao ya ukoo wa Wanabahani waliohama Pate, ikawa chini ya ulinzi wa Wajerumani kuanzia 1885, kisha ikachukuliwa na Waingereza mwaka 1890. Wazungu walikuwa wamegombania hata ushuru wa forodha wa Lamu: Wajerumani walifungua posta mjini humo mwaka 1888, na mwaka uliofuata shauri la ushuru likapelekwa kwa msuluhishi wa Kibelgiji, Baron Lambermont. Waliochora mistari hiyo walikuwa wakipimana nguvu wao kwa wao. Matokeo yake ni kwamba kisiwa cha Pate kilikuwa cha Sultani, ilhali mashamba ya watu wa kisiwa hicho yaliyo ng'ambo ya maji hayakuwa yake.

Jambo hili lisingekuwa na uzito kama Wabajuni wangekuwa watu wa visiwani tu. Hawakuwa. Mbajuni wa karne ya 19 na ya 20 alikuwa mvuvi, baharia na mkata boriti za mikoko, lakini alikuwa pia mkulima, na sehemu kubwa ya kilimo chake ilikuwa bara. Visiwa vingi vina udongo haba juu ya mwamba wa matumbawe. Familia zilivuka kwa dau au mashua msimu wa mvua ulipokaribia, zikafyeka, zikapanda mtama, mahindi na simsim, zikalinda shamba dhidi ya nyani na nguruwe, kisha zikavuna na kurejea. Vijiji vya bara na vya visiwani vilikuwa vya watu wamoja. Mto wa bahari unaovukwa kwa muda mfupi haukuwa mpaka wa kitu chochote ila katika hati zilizotiwa sahihi Ulaya.

Jina la chama

Katika taaluma ya lugha, jina la chama ni matini inayostahili kusomwa kama matini nyingine. Neno "mwambao" limetokana na kitenzi "ambaa", yaani kupita kando kando ya kitu bila kukiingia. Ni neno la mabaharia. Chombo kinachoambaa hakiiachi nchi kavu machoni. Mwambao ni nchi kama inavyotazamwa na aliye chomboni: ukanda mrefu, mwembamba, usio na kina. Linafanana mno na ule ukanda wa maili kumi. Haishangazi kwamba neno hilo, katika miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, liliacha kuwa jina la mahali tu likawa jina la harakati.

"Shungwaya" ni neno la aina nyingine kabisa. Katika masimulizi ya Wabajuni na ya Wamijikenda, Shungwaya ni chimbuko, nchi ya kaskazini ambako wahenga walikaa kabla ya kutawanyika kuelekea kusini. Kwa kawaida huwekwa katika bara ya pwani ya kaskazini, kati ya eneo la Lamu na mto Juba. Wataalamu wamebishana sana juu yake. Thomas Spear aliyapa uzito masimulizi hayo kama ushahidi wa historia. Wengine waliyaona kuwa simulizi za karibuni. James de Vere Allen, aliyewahi kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu, aliandika kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1993 akiihusisha Shungwaya na asili ya Waswahili wenyewe. Ubishi huo si wa makala haya. Linalohusu hapa ni kwamba mwaka 1960 jina hilo lilikuwa hai midomoni mwa watu, na kwamba waliolichagua kuwa jina la chama walilichagua badala ya Mwambao, badala ya Pwani na badala ya Zanzibar.

Uchaguzi huo unasema mambo mawili. La kwanza, Shungwaya ni jina la bara. Haliambai pwani, linaingia ndani na kupanda kaskazini, mahali hasa ambako mkataba wa Sultani haukufika. Anayesema asili yake ni Shungwaya anadai haki juu ya ardhi ya ng'ambo pasipo kumtaja Sultani hata kidogo. La pili, Shungwaya ni jina la watu wa nchi. Serikali ya kikoloni iliwapima watu wa Pwani kwa mizani ya "Mwarabu" na "mwenyeji wa Kiafrika", na viti vya Pwani katika Baraza la Kutunga Sheria vilitengewa Waarabu tangu miaka ya 1920. Mswahili na Mbajuni walijikuta kati ya mizani miwili: mara wakikataliwa upande huu, mara wakisukumwa upande ule. Chama kilichojiita Shungwaya kilikuwa kikijibu pia swali hilo.

Kulikuwa na kumbukumbu nyingine nyuma ya jina hilo. Uhusiano wa Lamu mjini na Sultani ulianza kwa mwaliko: baada ya kulishinda jeshi la Pate na Wamazrui katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, watu wa Amu waliomba ulinzi wa Seyyid Said, na ngome iliyopo mjini hadi leo ilikamilishwa katika miaka iliyofuata. Pate na Siu hazikumwalika mtu. Siu ilipigana na majeshi ya Seyyid Said, na katika miaka ya 1840 jemadari wake, Amir Hamad, aliuawa huko. Bendera nyekundu, kwa hiyo, haikuwa na maana moja katika kila kisiwa. Palipokuwa na heshima kwa Sultani mjini Lamu, palikuwa na masimulizi ya ukaidi wa mababu upande wa Siu na Faza. Inaelekea kwamba chama kilichotaka wafuasi huko kisingeweza kujitangaza kwa jina la Sultani kisha kikatarajia kupokelewa kwa vigelegele.

Shungwaya ingeweza pia kuwa daraja. Ikiwa Mgiriama na Mbajuni wote walitoka Shungwaya, basi jina hilo lilibeba uwezekano wa siasa ya Pwani iliyowaunganisha Waislamu wa mjini na wakulima wa Kimijikenda. Daraja hilo halikujengwa. Wamijikenda wengi walimfuata Ronald Ngala katika KADU, nao waliutazama Mwambao kwa hofu: waliona ndani yake urejesho wa utawala wa Waarabu, kumbukumbu ya utumwa, na hati za mashamba ambazo sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwapa wengine wao wakabaki maskwota. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Wanamwambao wengi hawakujitaabisha kuijibu.

Kazi ya mashinani

Harakati ya Mwambao haikuwa chama kimoja. Kulikuwa na Kenya Protectorate Nationalist Party, Coastal League, Coast People's Party na Shungwaya Freedom Party, na vilikubaliana zaidi juu ya walichokikataa kuliko juu ya walichokitaka. Wengine walitaka kuungana na Zanzibar, wengine nchi yao peke yao, na wengine wangeridhika na mamlaka makubwa ndani ya Kenya. Miongoni mwa viongozi waliojulikana sana ni Sheikh Abdillahi Nassir wa Mombasa, aliyekwenda London kuitetea hoja hiyo. Wanafunzi wa fasihi watamkumbuka kwa nasaba: ni ndugu mkubwa wa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu ya waraka wa "Kenya: Twendapi?" wa mwaka 1968 na kuiandika diwani ya "Sauti ya Dhiki" akiwa gerezani. Katika nyumba moja basi zilipita siasa mbili za upinzani zisizofanana.

Chama cha visiwani kilikuwa na mazingira yake. Hapakuwa na barabara kati ya vijiji vya Pate, Ndau, Kiwayu na Kiunga. Palikuwa na maji. Habari ilisafiri kwa jahazi na mashua, na upepo ulikuwa na kauli katika mambo hayo. Wakati wa kusi kali, safari ya kurudi kusini kutoka Kiunga si ya mzaha. Chama kisicho na fedha, gari wala gazeti kilihitaji watu waliokuwa tayari wakisafiri na wakiaminiwa, nao walikuwepo: manahodha, wachuuzi wa samaki wakavu, walimu wa vyuo vya Kurani, wazee wa mitaa. Mahali pa mkutano palikuwepo pia, katika madaka ya nyumba, barazani mwa misikiti baada ya sala ya alasiri, na kwenye fuo ambako vyombo hukwamishwa ili kusafishwa. Redio ilikuwa imeshaingia. Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na maneno "ukoloni" na "uhuru" yalizoeleka masikioni mwa watu ambao hawakuwahi kumwona mwanasiasa kwa macho.

Aidha, ushindani wa vikundi haukuwa jambo geni Lamu. Mji ulikuwa na historia ndefu ya pande mbili, Zena na Suudi, kisha ya mitaa ya Mkomani na Langoni iliyoshindana kwa ngoma na beni katika enzi ya ukoloni. Neno "chama" lenyewe lilikuwa la ngoma kabla halijawa la siasa. Mashairi nayo yalikuwa chombo cha siasa tangu vita vya Shela, na ufundi huo ulidumu: katika kampeni za ubunge za 1974 na 1975 yalizuka Lamu mashairi ya kimondo, ambayo yalijibizana na kusambazwa kwa kanda za kaseti kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kwa kuyatazama hayo ya baadaye, mtu anaweza kukisia jinsi hoja ilivyotembea mwaka 1961 kabla ya kaseti.

Penye udhaifu ni pale hoja ilipotakiwa kutoka barazani na kuingia ofisini. Mwaka 1961 serikali ya Uingereza na Sultani walimteua Sir James Robertson kuwa kamishna wa kuchunguza hatima ya ukanda wa Pwani. Alifika mwezi Oktoba, akapokea wajumbe na maandiko ya vyama na jumuiya, akatoa ripoti yake kabla ya mwaka kwisha. Ilibidi kila kikundi kiandike arudhihali yake kwa lugha na mantiki ambayo kamishna angeielewa. Kamishna alikuwa ametumwa kuuliza juu ya mkataba wa 1895. Aliyetaka kusikilizwa alilazimika kuzungumzia mkataba wa 1895.

Hapo ndipo makala haya yanaposisitiza. Kitikuu kinachosemwa Faza kina msamiati mpana wa ardhi na bahari: namna za kufyeka, vipindi vya kupumzisha udongo, majina ya miamba na mikondo. Hakuna katika msamiati huo neno lililo sawa na mamlaka ya Sultani juu ya ukanda. Dai la "tumelima hapo tangu mababu" lilipopanda ngazi kutoka kijijini hadi chamani, kutoka chamani hadi katika muungano wa vyama vya Mwambao, na kutoka hapo hadi mezani kwa kamishna, liligeuka kuwa dai la haki za Sultani. Mwanachama aliingia chamani na shamba, akatokea upande wa pili na bendera. Si lazima kudhani kwamba mtu yeyote alimdanganya. Mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja, na ulikuwa na kimo cha mkataba.

Hali hii haikuwa ya Lamu pekee. Wakati huo huo Buganda ilisimama juu ya mkataba wa 1900, na chama cha Kabaka Yekka, kilichozaliwa mwaka 1961, kilipata nguvu kubwa kwa sababu Kabaka alikuwa na watu, bunge lake na ardhi. Barotseland ilipata makubaliano yake mwezi Mei 1964, yakafutwa na Zambia miaka mitano baadaye. Wabajuni hawakuwa na mfalme. Sultani aliyetajwa katika hoja yao alikaa Zanzibar na alikuwa na shida zake.

Tatizo jingine lilitoka kaskazini. Somalia ilipata uhuru Julai 1960, na wanasiasa wake walidai maeneo yote yaliyokaliwa na Wasomali, ikiwemo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya. Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka: kuna Wabajuni wa Kismayu, Koyama na Chula kama walivyo wa Faza na Kiunga. Chama chenye jina la Shungwaya, nchi ambayo kwa masimulizi sehemu yake ilikuwa ndani ya Somalia, kilizungumzia kaskazini katika wakati ambapo kaskazini ilikuwa neno la hatari. Machoni pa Nairobi, tofauti kati ya Mbajuni aliyetaka shamba lake na Msomali aliyetaka kujitenga haikuwa wazi kama ilivyokuwa machoni pa wenyewe.

London, Oktoba 1963

Robertson alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, kwa masharti ya kuwalinda wakaazi wake. Mkutano wa London wa mwaka 1962 haukufikia uamuzi wa mwisho. Baada ya hapo wanamwambao wengi waliuona mfumo wa majimbo wa KADU kuwa kimbilio la pili. Katiba ya 1963 iliunda Jimbo la Pwani na Ngala akawa rais wake. Mwezi Oktoba 1963 mambo yalimalizwa. Sultani Jamshid bin Abdullah alikubali kuachia mamlaka yake juu ya ukanda na visiwa, na katika barua zilizoandikwa tarehe 5 Oktoba kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, yaliwekwa mambo matano: uhuru wa dini kwa Waislamu, kudumishwa kwa mahakama za makadhi, maafisa wa utawala katika maeneo ya Waislamu wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo, watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri iwezekanavyo, na hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitambuliwe.

Dhamana hizi hazikuwa bure. Mahakama za makadhi zimedumu, na zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010. Lakini ile ya tano yahitaji kusomwa na jicho la mkulima wa bara ya Lamu. Inalinda hati. Haisemi lolote juu ya asiye na hati. Mwenye shamba la minazi lililosajiliwa Mombasa au Malindi alilala usingizi. Mbajuni aliyelima nyuma ya Mkokoni hakuwa na hati, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa ya Serikali, na ushahidi wake ulikuwa mapori yaliyofyekwa na makaburi ya wazee. Kwake dhamana ya tano ilimthibitishia tu kwamba hana kitu. Tena ardhi hiyo haikuwahi kuwa ya Sultani, hivyo Sultani hangeweza kuiwekea masharti hata kama angetaka.

Kuna kasoro nyingine ya kisheria. Barua ziliandikiana serikali mbili. Watu wa Mwambao hawakuwa wahusika. Mwenye haki ya kudai zitimizwe alikuwa serikali ya Zanzibar. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakamng'oa Sultani pamoja na serikali ya Shamte. Dhamana ilibaki bila mdhamini mwezi mmoja kamili baada ya kuanza kazi. KADU nayo ilijivunja Novemba mwaka huo, na majimbo yakafa pamoja nayo.

Baada ya bendera

Vita vya Shifta vilivyoanza mwaka 1963 vilifika bara ya Lamu. Vijiji vya Wabajuni vilishambuliwa, na wakaazi wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Mwaka 1966 serikali ilitunga kanuni za hali ya hatari kwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya zinazopakana nao, na Lamu ikatiwa humo pamoja na Tana River, Isiolo na Marsabit. Sheria ya mwaka 1970 iliwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka katika maeneo hayo. Kenya na Somalia zilikubaliana Arusha mwaka 1967, lakini amani haikuwarudisha wakulima wote mashambani. Mapema katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha mpango wa makaazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, na wengi wa waliopewa viwanja walitoka bara ya Kenya. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaweka masaibu ya Pwani na ya vita vya Shifta katika kumbukumbu rasmi.

Hoja ya mkataba ilirudi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii Mombasa Republican Council ilijitokeza na kaulimbiu ya "Pwani si Kenya", ikirejelea hati za 1895 na 1963. Ilipigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Mtu wa Lamu aliyeitikia kaulimbiu hiyo alikuwa akishika tena ile kamba fupi ya mwaka 1961, inayoishia Kipini, ilhali malalamiko yake yaliyo makubwa yako kaskazini ya Kipini.

Njia nyingine ilijaribiwa na wakaazi wenyewe. Machi 2012 ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa upande wa bara, katika ghuba ya Manda, kama sehemu ya mradi wa LAPSSET. Wavuvi na wakaazi walikwenda mahakamani bila chama na bila bendera. Walitaja maeneo ya uvuvi yatakayochimbwa, mikoko, mazingira, utamaduni wa mji, na kwamba hawakushirikishwa. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikiwemo haki ya uvuvi wa jadi, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Msingi wa uamuzi ulikuwa Katiba ya mwaka 2010, na waliofidiwa hawakutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba bahari yao iliwahi kuwa ya Sultani.